Ruta Ikigoma Baada ya Kusasishwa, Usikimbilie Pini

Nyuma ya ruta nyingi za nyumbani pana tundu dogo lenye kitufe ndani yake, kitufe cha kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani, kisichobonyezeka ila kwa ncha ya pini, na kwa maoni yangu tundu hilo huwasumbua watu kuliko hitilafu wanayotaka kuiondoa. Ruta husasishwa usiku watu wakiwa wamelala, asubuhi intaneti haipatikani, na wa kwanza kuamka hutafuta pini. Taa zinapozima na kuwaka tena, vitu viwili vimekwisha kupotea: ushahidi wa kilichobadilika, pamoja na jina la mtumiaji na nywila ambavyo fundi wa mtoa huduma aliviingiza siku alipofunga faiba, na ambavyo hakuna mtu nyumbani aliyeviandika popote. Aliyeamka na tatizo moja sasa anayo mawili.

Hapa mtaani kwetu Dar es Salaam mimi ndiye majirani humwita ruta zao zinapogoma, na nionavyo, ruta iliyogoma baada ya kusasishwa mara nyingi haijaharibika. Programu dhibiti, yaani ile inayoiendesha ruta na ndiyo inayosasishwa, ni mfumo kamili wa uendeshaji, mara nyingi Linux iliyopunguzwa, nayo mipangilio ya mwenye nyumba huhifadhiwa katika sehemu nyingine ya kumbukumbu. Sasisho huondoa programu ya zamani na kuweka mpya, lakini mipangilio huachwa mahali pake, hivyo programu mpya hulazimika kusoma maagizo yaliyoandikwa kwa utaratibu wa ile iliyoondoka. Waandaaji wa OpenWrt, programu dhibiti huria ya ruta, walilikabili jambo hili waziwazi mwaka 2021: toleo la 21.02 lilipobadilisha namna ya kuendesha matundu ya kebo katika baadhi ya vifaa, kisakinishi kilikataa kuendelea na mipangilio ya toleo la 19.07 kwenye vifaa hivyo, na mtumiaji alitakiwa kuanza upya. Ruta za kawaida za dukani mara nyingi hazina uungwana huo. Hupokea mipangilio ya zamani bila kusema neno, kisha zikajikwaa baadaye.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ni kipande gani cha safari kilichokatika. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, ili waifai isikuchanganye, kisha fungua ukurasa wa mipangilio kwa kuandika anwani ya ruta katika kivinjari. Mara nyingi anwani hiyo ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na kwa ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu ni 192.168.8.1. Isipofunguka, tazama anwani ya lango (gateway) katika taarifa za mtandao za kompyuta yako, kwa kuwa huenda sasisho limeibadilisha. Ukishaingia, angalia kama ruta imepewa anwani na mtoa huduma. Ukikuta 0.0.0.0, tatizo liko kati ya ruta na mtoa huduma: kwa faiba inayotumia PPPoE, yaani njia ya kuingia kwa mtoa huduma kwa jina la mtumiaji na nywila, hakikisha jina hilo bado lipo na namba ya VLAN, inayotenganisha huduma ndani ya faiba moja, haijafutika; kwa ruta ya laini, hakikisha APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu, ni ile ya mtandao wako. Ikiwa anwani ipo, amuru kompyuta ipige ping, yaani itume ujumbe mfupi wa kuomba jibu, kwenda 8.8.8.8, seva ya Google. Majibu yakirudi huku tovuti zikikataa kufunguka kwa majina yake, njia ni nzima na kilichokufa ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba.

Hapo kwenye DNS pana mtego ambao watu wachache huufikiria, nao ni saa. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunza saa, kwa hiyo kila zinapowashwa huamini kuwa ni tarehe 1 Januari 1970, au siku ile programu yao ilipoundwa. Kwa kawaida kosa hilo halidumu, kwa sababu ruta huuliza saa kwenye seva ya mtandaoni na kujirekebisha. Sasa chukulia kwamba toleo jipya limewasha DNS iliyosimbwa, inayodai cheti cha usalama kila inapouliza. Ruta inayodhani kuwa tuko mwaka 1970 hukiona cheti hicho kuwa muda wake haujaanza, ikakikataa. Na kwa kuwa seva ya saa nayo imeandikwa kwa jina, kama vile pool.ntp.org, ruta haiwezi kuipata bila DNS. Saa inasubiri DNS, DNS inasubiri saa, na taa zote mbele ya ruta zinawaka kijani kana kwamba hakuna jambo. Hali hii hutambulika haraka ukifungua kumbukumbu za matukio na kuona zimeandikwa tarehe za miaka ya zamani. Dawa yake ni kuandika seva ya saa kwa namba badala ya jina, kwa mfano 216.239.35.0 ya Google, au kuzima usimbaji wa DNS mpaka saa ikae sawa.

Lalamiko jingine ninalolisikia sana ni kwamba simu mpya inashika waifai lakini runinga, printa na balbu za kisasa zimekataa. Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni WPA3, kiwango cha usalama kilichotangazwa mwaka 2018, ambacho sasisho huweza kukiwasha bila kumwuliza mtu. Vifaa vya zamani havikijui, na vingine hukwama hata pale ruta inapochanganya WPA2 na WPA3, kwa hiyo jaribu WPA2 peke yake kabla ya kuilaumu printa. Sababu ya pili ni kuunganishwa kwa masafa ya 2.4 GHz na 5 GHz chini ya jina moja. Balbu nyingi zinajua 2.4 GHz tu, na wakati wa kuziunganisha kwa mara ya kwanza hupotea katika mchanganyiko huo. Tenganisha majina, au fungua mtandao wa wageni wenye 2.4 GHz peke yake.

Wakati mwingine mtandao wa 5 GHz hauonekani kabisa ruta inapowaka, na wengi huona ni kifo. Chaneli za 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada, na kanuni za nchi nyingi zinaitaka ruta isikilize kwa sekunde 60 kabla ya kurusha. Sasisho likikuhamishia huko, subira hiyo itajirudia kila umeme unaporudi, na mitaa yetu tunaijua. Chagua chaneli ya 36 hadi 48 uachane na usumbufu huo.

Kuna pia ugonjwa wa nusu intaneti: tovuti hii inafunguka, ile inazunguka bila mwisho. Kwa wenye PPPoE, tazama MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data. PPPoE huchukua baiti 8 katika kila pakiti, kwa hiyo thamani sahihi kwa kawaida ni 1492, na sasisho huweza kuirudisha 1500. Katika Windows, amri ya ping -f -l 1464 1.1.1.1 ikijibiwa, na ile ya 1472 ikikataliwa, huku ruta ikiwa imewekwa 1500, umempata mwizi.

Wapo wanaoamua, baada ya taabu hii, kwamba hawatasasisha tena. Sikubaliani nao. Mwaka 2018 programu hasidi ya VPNFilter ilikutwa katika vifaa visivyopungua 500,000, vingi vikiwa ruta za nyumbani na ofisi ndogo, na mwaka 2016 shambulio lililolenga ruta liliwakatia huduma wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom huko Ujerumani. Wakati wa kusasisha, hofu yangu huwa ni umeme kukatika programu ikiwa inaandikwa. Ile betri ndogo ya ruta inayouzwa madukani inatosha kuiondoa hofu hiyo, alimradi volti zake zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta.

Ikiwa yote yamejaribiwa na kitufe ndicho kilichobaki, kwanza piga picha kwa simu kila ukurasa wa mipangilio, na mwombe mtoa huduma taarifa za PPPoE, uwe nazo mkononi kabla ya kuishika pini. Baada ya kurejesha, usipakie faili la mipangilio lililohifadhiwa chini ya toleo la zamani, kwa kuwa ndilo lenye maagizo yale yale yaliyoikwaza ruta; ingiza kila kitu kwa mkono. Unapompigia mtoa huduma, mtajie namba ya toleo jipya na anwani unayoiona upande wa nje, kisha uliza kama wao ndio waliolituma sasisho hilo kwa mbali. Kama ni wao, wana uwezo wa kukutumia tena mipangilio ya laini yako, na pengine hutalazimika kumsubiri fundi.