Nilivyoiokoa fremu ya mashine ya kufulia iliyoliwa na chumvi

Mashine za kufulia za zamani, zile za mlango wa mbele zenye bodi zito la bati, kwetu Unguja hazifi kwa mota. Mota bado inazunguka, tangi ni zima, lakini ukiigusa fremu ya chini kwa bisibisi, bisibisi inazama kama kwenye boflo. Niliyoitengeneza mimi ilitoka nyumba ya ufukweni Jambiani, imekaa barazani ikipigwa na upepo wa kusi. Kona mbili za mbele, pale panapofungwa shokomzoba, zilikuwa matundu matupu. Juu kushoto, kipande kinachobeba springi kilikuwa kimepasuka.

Ushauri niliopewa unanikera mpaka leo. Puti na rangi ya fedha. Faiba, kama wanavyoziba boti. Mwengine akaniambia nipake sifa, yaani mafuta ya papa, kwa kuwa majahazi hupakwa sifa! Sifa ni ya mbao. Ukiipaka chuma, rangi haishiki tena juu yake, na nguo zitanuka papa. Puti na faiba zinaziba tundu, hazibebi mzigo. Nusu kilo ya nguo mbichi ikijikusanya upande mmoja wa ngoma, kwa mizunguko 800 kwa dakika, inalivuta tangi kwa nguvu ya karibu kilo 80, mara huku mara kule. Nguvu hiyo yote inaishia kwenye springi na shokomzoba, na shokomzoba zimefungwa palepale unapoambiwa upake puti.

Ukishafungua kila kitu na kuitoa mota, usikimbilie grinda. Chumvi kwanza. Chumvi imo ndani ya vishimo vya kutu, na ukipaka rangi juu yake, rangi itafura hata iwe ya bei gani. Nilisugua kwa brashi ya waya, nikaosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha nikasuuza kwa maji ya mvua, kwa sababu maji ya visima vingi vya pwani yenyewe yana chumvi. Kausha juani, kisha iache usiku mzima bila ya kuipaka kitu. Asubuhi itazame kwa karibu: vitone vya rangi ya chungwa vikichomoza ndani ya vishimo, chumvi bado imo. Rudia tena mpaka vishimo viamke na rangi yao ya kijivu. Asidi ya betri usiiguse. Inapenya kwenye maungio na huwezi kuitoa tena.

Kabla ya kukata, funga fremu kwa vyuma viwili vya mshazari, vichomee vituo vidogo tu. Usipofanya hivyo, ukikata kona fremu inajipinda na mlango hautafunga tena. Pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 2, nyoosha kwanza. Kujua pa kukata, gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kibovu kinatoa sauti ya kufa. Nilikata sentimita 2 hadi 3 ndani ya kile kinacholia.

Kiraka nilikitoa kwenye bati la geji 16, yaani milimita 1.5. Mafundi wengi hulaza kiraka juu ya bati la zamani. Mimi sikubali, kwa sababu maji ya chumvi yanajificha katikati ya bati mbili na kutu inaanza upya mahali usipopaona. Niliunga ncha kwa ncha, nikaacha nafasi ya milimita 1, unene wa diski ya kukatia.

Tatizo la kuunga hivyo ni kwamba bati jembamba linatoboka. Dawa yake ni shaba. Chukua bomba la shaba la friji mbovu, lipasue kwa urefu, likunje mara mbili, liponde mpaka liwe bapa, kisha libane nyuma ya nafasi kwa praisi ya kubana. Chuma kilichoyeyuka hakigandi kwenye shaba, na shaba inanyonya moto kabla bati halijatoboka. Nilitumia vijiti vya kuchomea vya milimita 2, ampea 45 hadi 50, mshono mfupi wa sentimita moja, halafu naruka upande wa pili. Ukimaliza, shaba inabanduka yenyewe, na nyuma ya mshono pamelala vizuri kama mbele. Hapo ndipo niliporidhika kabisa na kazi.

Ikiwa bati lina zinki, ling'oe zinki kwa grinda sentimita 3 kila upande na uchomee nje, upepo ukiwa mgongoni. Moshi wake unaleta homa, na yale maziwa tunayoambiwa tunywe hayazuii kitu. Klipu ya ethi ya mashine ya kuchomea ibane karibu na mshono, umeme usipitie kwenye beringi za ngoma ukazila.

Kipande cha springi nilikinakili kutoka upande wa kulia kwa kuchora umbo lake kwenye boksi, nikaligeuza boksi. Tundu niliimarisha kwa washa ya milimita 3, nikalainisha ukingo kwa tupa, maana ukingo mkali unaikata springi. Matundu ya kushoto na kulia yawe na kimo kimoja, la sivyo tangi linainama na mpira wa mlango unasagika.

Kwenye kila kona nilitoboa tundu la milimita 8 maji yatoke. Fremu ya kiwandani ilikuwa haina, ndiyo maana ilianza kuoza hapo. Rangi: praima ya zinki, kisha mikono miwili ya epoksi ya boti, baina ya saa tatu asubuhi na saa tisa mchana, kabla umande haujashuka.

Beringi zangu zilikuwa za namba 6205 na 6206, zinapatikana kwenye maduka ya vipuri. Gharama yote haikufika robo ya bei ya mashine mpya. Lakini usinunue hata kijiti kabla hujaangalia mguu wa alumini wenye matawi matatu unaoshika ngoma kwa nyuma. Ngoma ya chuma cha pua inaila alumini hiyo kila panapokuwa na unyevu. Ukikuta unga wa kijivu na matawi yamemomonyoka, usiuchomee. Tafuta mwengine, au iache mashine.

Kujaribu, izungushe kwanza tupu, kisha na taulo moja mbichi. Ikitembea, sawazisha miguu kwanza kabla ya kulaumu mshono. Baada ya kufua mara kadhaa, mulika maungio kwa tochi: ufa mwembamba kwenye rangi maana yake chuma kinacheza chini yake, na kona hiyo ikatwe upya.