Nilivyojenga kata ya watu 5,000 ndani ya kompyuta

Nilianza na milinganyo ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927 ya kukokotoa jinsi ugonjwa unavyoenea, inayogawa watu mafungu matatu: wasio na kinga, wanaoambukiza na waliopona. Ni kazi nzuri sana, ila humo watu wamechanganywa kama maharage ndani ya sufuria moja. Kichanga na babu yake ni sawa tu. Mimi nilitaka kufuatilia surua, na surua hupita nyumba kwa nyumba.

Nikafungua Python, lugha ya kuandikia programu, nikaandika klasi tatu, yaani violezo vya kuundia vitu vya aina moja: Mtu, Kaya na Shule. Kila Mtu anabeba umri wake, chanjo zake na hesabu ya siku zake: homa kama siku ya 10 tangu aambukizwe, kisha upele; anaambukiza tangu siku 4 kabla ya upele hadi siku 4 baada yake. Mtindo huu wa kuandika programu kwa klasi umezaliwa kwa kazi hiihii. Simula, lugha iliyouanzisha, ilitengenezwa Oslo miaka ya 1960 na Dahl na Nygaard kwa ajili ya kuiga mifumo.

Nikaingiza mgonjwa mmoja. Akawaambukiza karibu wote wasio na chanjo, kwa mkupuo! Surua ni kali, mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 pasipo na kinga, lakini hii ilipita kiasi. Usiku mbili nilihangaika na viwango vya maambukizi. Mwishowe nikachapisha orodha ya wanakaya wa mtoto mmoja tu: yakatoka majina 5,000. Mstari wa wanakaya = [], yaani orodha tupu, nilikuwa nimeuweka juu, chini ya jina la klasi, kwa hiyo kaya zote zilitumia orodha moja. Nilipouhamishia ndani ya __init__, sehemu inayoendeshwa kila kaya mpya inapoundwa, ukawa self.wanakaya = [], kila kaya ikapata watu wake.

Tangu hapo najaribu kwanza na kaya mbili, watu kumi, ninaoweza kuwahesabu kwa macho. Kisha narudia mara 200, maana bahati ina nafasi kubwa. Watoto 95 kati ya 100 wakiwa na kinga, na wale watano wametawanyika, mlipuko kwangu ulizimika mapema mara nyingi. Nikiwakusanya katika kaya chache za shule moja, idadi ikiwa ileile, surua ilisambaa.

Sasa naongeza kliniki: dozi ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18, kama ilivyo Tanzania. Kinachonisumbua ni kuhama. Mama akihama na mtoto, kaya ya zamani bado inamhesabu.