Kirusi kilichokuwa kinafufuka kila asubuhi

Mwanzoni mwa 2009 nilikuwa kwenye utafiti wa udaktari, mada yangu mifumo iliyotawanyika, yaani data moja unaiweka nakala kwenye mashine nyingi halafu unaziacha zipeane habari zenyewe mpaka zote ziwe na kitu kilekile. Virusi havikuwa kazi yangu kabisa na kusema kweli nilikuwa naviona ni mambo ya watu wa antivirasi, kukimbizana tu. Ndo kikaja Conficker, kirusi cha kompyuta za Windows.

Dalili haikuwa mashine kuwa nzito wala nini, ni watu kufika asubuhi maabara ya idara na kukuta akaunti zao zimefungwa, mtu anaapa hajakosea paswedi na kweli hajakosea, ni kirusi kilikuwa kinabahatisha mapaswedi usiku kucha kwenye mtandao wa ndani mpaka seva inaamua kuloki. Halafu tovuti za kampuni za antivirasi hazifunguki ila zingine zote zinafunguka freshi tu. Fundi wetu wa maabara akajua hapo hapo ni nini.

Jamaa mchapakazi, sina neno naye. Akaanza kusafisha mashine moja moja, akimaliza hii anahamia ile, jioni zote safi, anafunga mlango anaondoka. Asubuhi kimo tena. Akarudia, kimo tena. Akanifuata: "Daktari, hiki kitu kinafufuka bwana." (Udaktari wenyewe wa utani, tasnifu haijafika hata nusu.)

Nilicheka halafu nikanyamaza, maana wiki hiyohiyo nilikuwa nagombana na jambo lilelile kwenye programu yangu. Nafuta rekodi kwenye mashine moja, jirani yake ambaye hajapata habari anaona huyu mwenzangu mbona hana hii, anamrudishia kwa roho safi kabisa, na data niliyoifuta imerudi. Na siyo tatizo jipya, watafiti wa kampuni ya Xerox waliliandika 1987: kufuta siyo kuondoa, lazima uache cheti cha kifo, rekodi inayosema kitu fulani kimekufa muda fulani, cheti kisambae kama habari nyingine, na kila nakala ya zamani ikikutana nacho ifutwe. Sehemu tamu ni pale wanapouliza vyeti vikae muda gani, kwa sababu mashine iliyozimwa siku nyingi inaweza kuwaka na nakala yake ya kale wakati wenzake wote wameshasahau. Jibu lao ni kwamba mashine chache zibaki na vyeti vilivyolala, mzimu ukitokea viamke.

Sasa mwangalie fundi. Mashine aliyoisafisha haina kumbukumbu yoyote ya ugonjwa, na milango yote iko wazi: lile tundu la Windows ambalo Microsoft walishalitolea kiraka Oktoba 2008, kabla kirusi chenyewe hakijaonekana Novemba, halafu flashi, halafu mafolda ya pamoja yenye paswedi za kitoto. Alikuwa anafuta bila cheti. Kinachokera zaidi, Conficker chenyewe kikishaingia kinaziba lile tundu kwenye memori ili wengine wasipite, yaani kirusi kilikuwa kimeelewa somo kutuzidi sisi.

Nikamweleza yote hayo, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kwa hiyo unataka nizime swichi ya neti." Ndiyo mzee, zima. Ijumaa jioni tukazima, kiraka tulikichoma kwenye CD kwa sababu kwenye flashi kirusi kinaweza kujiandika, tukapita kila mashine: safisha, ziba, zima ile tabia ya flashi kujifungua yenyewe, badilisha paswedi ya admini, na hakuna kuchomeka waya wa neti mpaka ya mwisho iishe. Watu walilalamika wee, hasa waliokuwa na kazi za kuwasilisha Jumatatu.

Jumatatu kimya. Wiki zikapita kimya.

Halafu siku moja akaunti zimelokiwa tena. Safari hii tukaenda moja kwa moja kwenye logi za seva, na majaribio yote ya paswedi yalikuwa yanatoka anwani moja, laptopu ya mhadhiri aliyekuwa likizo ndefu, amerudi asubuhi ile, amechomeka. Ilikuwa imegonga kila mlango wa maabara na haikupata hata mmoja. Fundi akaniuliza, "Na hili la mtu wa likizo nalo liko kwenye makala yenu ya zamani?" Nikamwambia lipo. Akataka aisome, nikamprintia, akaipitia akiruka mahesabu, akaja na uamuzi wake: mashine yoyote iliyokaa nje haigusi waya kabla haijapita mezani kwake, na ile CD haitoki kwenye droo yake hata kwa barua. Akaandika kikaratasi kwa maka peni akabandika mlangoni. Wahadhiri walinuna sana ila hakuna aliyethubutu kukibandua.