Mume naye apimwe

Huwa ninaitwa kufunda mabiharusi hapa Tanga, na mafundisho yetu sisi masomo, yaani makungwi, kwa kawaida ni ya usafi, upishi na namna ya kuishi na mume, huku suala la kupata mtoto likiachiwa Mwenyezi Mungu na dawa za chango. Kwamba mtoto ni riziki itokayo kwa Mola, hilo silibishii. Lakini mwili nao una hesabu zake, na wanandoa wanaozijua hujipunguzia mahangaiko.

Hesabu inayokosewa zaidi ni ya siku ya 14. Wengi wameambiwa kwamba yai hutoka siku ya 14 tangu hedhi ilipoanza, jambo ambalo hukaribia ukweli kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Kipindi kisichobadilika sana ni kile cha tangu yai kutoka hadi hedhi inayofuata, yaani wiki mbili hivi, na kwa hiyo hesabu hupigwa kwa kurudi nyuma: mwenye mzunguko wa siku 35 hutarajia yai karibu na siku ya 21. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, ilhali mbegu za mume huweza kukaa hai ndani ya mwili wa mke hadi siku 5. Ndiyo maana siku zenye matumaini ni zile 5 zinazotangulia pamoja na siku yenyewe ya yai. Dalili huonekana bila kifaa chochote, kwani ute wa ukeni huwa mwepesi, angavu na wa kuvutika kati ya vidole viwili, kama ute wa yai bichi la kuku.

Kwa wanaolala nyumba moja, kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha. Taabu iko kwa wale ambao mume ni mvuvi anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, au dereva wa magari ya mizigo yanayovuka mpaka wa Kenya pale Horohoro, kwa sababu wanaweza kumaliza mwaka wakitafuta mtoto kumbe siku zenyewe hukutana kwa nadra. Hao ninawashauri watie alama kwenye kalenda kila hedhi inapoanza, kisha safari za mume, pale inapowezekana, zipangwe kwa kuitazama. Mke aanze pia vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kabla ya kushika mimba, na sigara waache wote wawili.

Sasa nije kwa mume, ambaye mara nyingi huendelea kunywa kahawa yake barazani wakati mkewe anazungushwa kwa waganga. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu tele chumbani na bado mbegu zake zikawa chache au zisizo na mwendo, hivyo dawa za nguvu za kiume hazijibu swali hili. Kipimo chake ni chepesi kuliko vingi anavyofanyiwa mke: hujizuia kwa siku 2 hadi 7, hutoa mbegu kwenye kopo safi la maabara, bila kondomu wala mafuta, na kopo humfikia mpimaji ndani ya saa moja. Majibu yakiwa hafifu, asikate tamaa wiki ya pili, kwa kuwa mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa upya. Mwenye busha, ambalo pwani yetu inalijua vyema, naye asione haya kumwambia daktari.

Mke aliye chini ya miaka 35 anaweza kusubiri mwaka mmoja kabla ya kumwona daktari. Aliyefikia umri huo asipitishe miezi 6, na ambaye hedhi yake haieleweki, au aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, yaani ya viungo vya uzazi vya ndani, ambayo huweza kuziba mirija ya mayai, asisubiri kabisa. Waende wote wawili siku moja, kalenda ikiwa mkobani, na mama mkwe akiuliza tatizo ni la nani, aambiwe majibu ya mwanawe bado yanasubiriwa.