Mto Thange na harufu ambayo haijaisha

Mama mdogo wangu analima kando ya mto Thange, huko Kibwezi, na kuna siku tumekaa nje ya jikoni tukichambua pojo akaniambia, "Mwanangu, ukame nimezaliwa nao, unakuja unaenda. Hii ya mafuta ilikuja ikakaa."

Kwa wale hawajui hii stori, ni Mei 2015 ndo watu wa Thange walianza kuona mafuta kwa mto. Lile bomba kuukuu la kutoka Mombasa kwenda Nairobi, la tangu 1978, lilikuwa limevuja, na bomba likivujia chini ya udongo huoni kitu mpaka siku mafuta yatokee kwa maji unayochota. Sasa ukitaka kuelewa hiyo ni hasara gani lazima ujue Ukambani mvua ya kutegemea ni ile ya mwisho wa mwaka, na hiyo nayo siku hizi inakuja ikijisikia, kwa hivo mwenye ako na kashamba kando ya mto na jenereta ya kuvuta maji ndo anakula na kusomesha watoto, sukuma, nyanya, mahindi ya kuchoma, anavuna wengine wakingoja mawingu. Jenereta ileile ndo ilivuta mafuta kutoka mtoni ikayamwaga shambani kwa mama mdogo. Alishtukia harufu wakati mitaro tayari imejaa.

Watu hudhani mafuta yakikauka basi yameisha. Hapana jamani. Ile ya juu kweli inapanda na jua, lakini ingine inashika udongo, hewa haiingii, maji yanateleza juu badala ya kuzama, mizizi inakosa pumzi. Na vile vijidudu vya udongo vinavyoyala hayo mafuta pole pole vinamaliza naitrojeni ambayo mahindi yako yangekula, ndo maana unaona shamba limeota tena lakini majani ni manjano manjano. Alafu kuna benzini, kemikali iliyo ndani ya hayo mafuta, hiyo inayeyuka ndani ya maji na kuteremka hadi visimani, na inaleta saratani ya damu. Na huko watu wanachimba visima palepale kwa mchanga wa mto!

Kitu ilimuumiza zaidi lakini ni soko. Alienda na magunia mawili ya sukuma, safi kabisa, ya sehemu ya juu ambayo mafuta hayakufika, mteja wake wa miaka akamuuliza ametoa wapi. Akasema Thange. Mteja akarudisha mkono. Hiyo utaipigia hesabu gani kwa fomu ya fidia? Wanahesabu miti na mistari ya mboga iliyokuwa shambani siku hiyo, hawahesabu misimu yote hukupanda, wala jina la kijiji chako kuogopwa sokoni.

Julai 2025 mahakama ya mazingira na ardhi pale Makueni iliamuru wakazi zaidi ya 3,000 walipwe shilingi bilioni 3.8. Nilifurahi, nikalia hata. Lakini hiyo ni miaka 10, na kuna wazee waliozikwa wakingoja.

Nilimpigia simu siku hiyo nikidhani nitamkuta anashangilia. Alikuwa mtoni na ndoo. Akaniambia ngoja kwanza, nikamsikia anavuta pumzi, ananusa maji, vile anafanya kila asubuhi kabla awashe jenereta.