Ami zangu wawili na sigara ile ile

Katika nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, walikulia ndugu wawili ambao mimi nawaita ami mkubwa na ami mdogo. Wote wawili walianza kuvuta sigara ujanani, walipokuwa vibarua katika mashamba ya mkonge, wakigawana pakiti moja na siku za ukata wakigawana hata kipisi. Ami mkubwa aliacha katika Ramadhani moja: alifunga siku ya kwanza, akafuturu kwa tende na uji, na sigara hakuigusa tena mpaka leo. Ami mdogo hujaribu kila Ramadhani. Mchana hufunga kama sisi sote, lakini ifikapo alasiri mikono humtetemeka na maneno yake huwa makali, na adhana ya magharibi inapoanza tu yeye hutia tende moja mdomoni huku kiberiti kikiwa tayari mkononi. Kwa miaka mingi barazani tulikuwa na jibu moja kuhusu tofauti hiyo, kwamba mkubwa ana azma na mdogo hana. Mimi niliyekuwa mwalimu wa baiolojia nilisema hivyo pia, tena mbele yake, na hilo ndilo linalonifanya niandike haya.

Tangu nistaafu nimekuwa nikisoma tafiti za watu wanaopiga picha za ubongo wa wavutaji na kuzilinganisha na vinasaba vyao. Jambo la kwanza lililonishangaza ni udogo wa kiasi kinachotosha. Moshi ukiingia mapafuni, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 hivi, na huko hujishikiza kwenye vipokezi ambavyo kwa asili ni vya kemikali ya mwili iitwayo asetilikolini. Mwaka 2006 Arthur Brody na wenzake wa Los Angeles walitumia mashine ya PET, ambayo hufuatilia dawa yenye mionzi hafifu iliyodungwa kwenye mshipa, ili kuona ni vipokezi vingapi vya aina iliyo muhimu zaidi vinavyokaliwa na nikotini. Waliona kwamba mtu akipiga pafu moja au mbili tu, nusu ya vipokezi hivyo hukaliwa kwa muda wa saa 3 hivi, na akimaliza sigara nzima hukaliwa zaidi ya asilimia 88. Wavutaji waliochunguzwa walikuwa 11 tu, lakini picha hizo zinaeleza kwa nini mtu anayenunua sigara mojamoja dukani, akijihesabu kuwa si mvutaji wa kweli, naye hupata tabu siku anapoikosa.

Sasa tuirudie Ramadhani, kwa maana sijui kipimo kingine kinachowakosesha watu wengi hivyo sigara kwa saa zile zile, katika nyumba ile ile. Kwa watu wengi nikotini iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa 2. Aliyevuta sigara ya mwisho baada ya daku, saa kumi na moja alfajiri, ikifika adhuhuri amebakiwa na kama sehemu moja ya kumi na mbili. Hiyo, hata hivyo, ni hesabu ya mtu wa wastani. Kazi ya kuivunjavunja nikotini hufanywa hasa na ini, kwa kimeng'enya kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo CYP2A6, na jeni hiyo ina sura nyingi kati ya mtu na mtu. Yupo ambaye kwake nusu huondoka kwa muda wa saa moja tu, na yupo anayehitaji saa 4. Adhuhuri ile ile ikimkuta mwenye ini la pole, bado ana zaidi ya robo ya nikotini yake. Mwenye ini la haraka hana hata sehemu moja ya mia. Wawili hao wamefunga saumu moja, lakini arosto wanayoibeba haina uzito mmoja, na wewe uliyekaa barazani unaona tu kwamba mmoja anatabasamu na mwingine amekunja uso.

Kikundi cha Alain Dagher huko Montreal kiliunganisha jambo hilo na picha za ubongo. Mwaka 2012 walieleza jinsi walivyowaonyesha wavutaji picha za sigara na za watu wanaovuta, wakiwa ndani ya mashine ya MRI inayotambua mabadiliko ya damu yenye oksijeni ubongoni. Wale ambao miili yao huondoa nikotini haraka waliitikia picha hizo kwa nguvu zaidi, hasa katika sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu, hamu na malipo, yaani hisia ya kutunukiwa raha. Maelezo yao naona yana mantiki: kwa mtu wa ini la haraka, kila sigara ni kupanda na kushuka kwa ghafla, hivyo ubongo hujifunza mara nyingi zaidi kwa siku kwamba kiberiti, harufu na mahali pa kukaa ni dalili ya faraja inayokuja. Niliposoma hayo nilikumbuka jinsi ami mdogo anavyogeuza shingo kila njiti inapowashwa, hata kama ni binamu yangu anawasha jiko la mkaa.

Iko jeni nyingine maarufu zaidi, CHRNA5, iliyoko kwenye kromosomu ya 15, ambayo huelekeza utengenezaji wa sehemu mojawapo ya kipokezi chenyewe. Mwaka 2008 makundi kadhaa ya watafiti, likiwemo moja la Iceland, yalionyesha kwamba eneo hilo la kromosomu linahusiana na wingi wa sigara anazovuta mtu na pia na saratani ya mapafu. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2011 yalidokeza namna inavyofanya kazi: panya waliokosa sehemu hiyo ya kipokezi waliendelea kujipa nikotini kwa viwango ambavyo wenzao walivikimbia, kana kwamba breki inayosema "inatosha" imelegea. Kwa binadamu, Elliot Hong na wenzake huko Maryland walikuwa wameona mwaka 2010 kwamba wenye sura hatarishi ya jeni hii wana mawasiliano dhaifu kati ya eneo la malipo na eneo la ubongo linalosaidia kujizuia, na kadiri mawasiliano yalivyodhoofika ndivyo uraibu ulivyokuwa mkubwa. Nilikuwa karibu kumbandika ami mdogo sura hiyo ya jeni, mpaka nilipofika kwenye jedwali la mgawanyo wake. Sura hiyo hatarishi ni ya kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini kwa Waafrika ni adimu. Kwetu sisi tofauti za kutafutwa kwanza ni zile za ini, kwani jeni ya CYP2A6 ina sura za polepole zinazopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Linaniudhi kidogo kwamba sehemu kubwa ya elimu hii imejengwa juu ya damu ya Wazungu, ilhali bara lenye vinasaba vya aina nyingi kuliko yote ni hili letu.

Picha zenyewe nazo zisitulevye. Zile rangi nyekundu na za manjano hazikuonekana na mashine. Ni hesabu za takwimu zilizopakwa rangi, na mara nyingi ni wastani wa watu wengi. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimwingiza samaki mfu kwenye mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za watu, na kwa hesabu isiyosahihishwa ili kuondoa matokeo ya bahati nasibu, ubongo wake ukaonekana kama unafikiri. Nilipokisimulia kisa hicho kule Deep Sea, penye soko la samaki hapa Tanga, wachuuzi wa samaki walicheka mpaka mmoja akamwinua changu na kumuuliza maoni yake. Kwa hiyo hakuna mtaalamu anayeweza leo kutazama picha ya ubongo wa ami mdogo peke yake na kusema ataacha au hataacha.

Yenye manufaa ya karibu zaidi kwangu ni jaribio la tiba lililochapishwa mwaka 2015 na kikundi cha Caryn Lerman, lililohusisha wavutaji 1,246. Waliwagawa kwa kasi ya kuondoa nikotini, iliyopimwa kwenye damu. Wenye kasi ya kawaida walifaulu kuacha zaidi kwa vidonge vya vareniklini, dawa ya kusaidia kuacha sigara, kuliko kwa viraka vya nikotini vinavyobandikwa kwenye ngozi; kwa wenye kasi ndogo, vidonge havikuzidi viraka, na viliwaletea maudhi zaidi. Watu hao hawakugawanywa kwa azma. Waligawanywa kwa ini.

Wiki mbili kabla ya mfungo wa mwaka huu nilikwenda kumwomba radhi. Baada ya kumwamkia nilimweleza habari za ini na vipokezi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama walimu tulivyo, naye alisikiliza huku akizungusha kikombe cha kahawa.

"Kwa hiyo mwanangu, kumbe huenda ini langu lina haraka?"

"Huenda, ami. Hatujalipima."

"Na nyie mlisema sina moyo."

Kisha akauliza habari ya kiberiti na mahali pa kukaa, akanitaka niirudie mara mbili. Mwaka huu futari yake ameomba iandaliwe uani, mbali na baraza ambako vijana huwasha zao baada ya adhana, na kiberiti cha jikoni sasa anakaa nacho shangazi.