Kikohozi cha Shangazi

Desemba iliyopita nilipokuja likizo Mombasa, usiku wa kwanza sikulala. Si joto, ingawa miaka miwili ya Leeds, Uingereza, imenifanya nitoke jasho kama mgeni aliyeshuka meli jana. Ni shangazi. Chumba cha pili, hapo Kibokoni, alikohoa mpaka adhana ya alfajiri. Kikohozi kikavu, hakina makohozi wala homa.

Asubuhi naambiwa huu mwezi wa nne. Kila mtu ana lake: jirani anasema feni, binamu anasema vumbi, mwenyewe anasema jicho la mtu. Tangawizi, asali na ndimu, sirapu chupa tatu. Picha ya kifua kapigwa, TB kapimwa, hakuna kitu.

"Na wewe daktari wetu, wasemaje?"

Mimi si daktari. Nasoma fiziolojia ya binadamu, mwaka wa pili, na nimechoka kuueleza ukoo mzima kwamba shahada hii hainipi ruhusa ya kumwandikia mtu dawa. Lakini nikamwomba anionyeshe anazotumia. Akaleta kopo la biskuti. Ndani, vidonge vya presha: enalapril.

Nilikuwa nimekesha Oktoba nzima na mchoro wa jinsi mwili unavyopandisha presha na dawa hii inavyoizuia. Figo zikihisi damu inazifikia kidogo, humwaga renini. Renini hukata protini itokayo kwenye ini, tukapata enjiotensini ya kwanza, ambayo yenyewe haina makali. Inapopita mapafuni, kimeng'enya kilichojaa kwenye kuta za mishipa ya huko huigeuza kuwa ya pili, na hiyo ndiyo hubana mishipa, ikazuia chumvi isitoke, presha ikapanda. Enalapril hukifunga mikono kimeng'enya hicho. Sasa, kina kazi nyingine: kuvunja bradikinini, kemikali nyingine ya mwili. Kikifungwa, bradikinini hurundikana, njia za hewa zikawasha, mtu akakohoa. Huwapata wanawake zaidi, na huweza kuanza hata miezi baada ya kidonge cha kwanza. Darasani ulikuwa mstari mmoja chini ya mchoro. Nilikuwa nimeukariri kwa ajili ya mtihani, basi.

"Kama ndiyo hizi, naziacha leo leo."

"La, shangazi! Presha ikipanda je? Twende kwa daktari kwanza."

Kwenye foleni, kumpumbaza, nikampa kisa: dawa za jamii hii zilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazil, jararaca. Mtafiti wa huko, Sérgio Ferreira, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba sumu hiyo huzidisha nguvu ya bradikinini, na njia hiyo ikafika kwenye kaptopril, ndugu ya enalapril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Nilikosea sana kumwambia. Nilieleza kwamba ya kwake imetengenezwa kiwandani, haina tone la sumu, lakini jioni barazani, kahawa haijazunguka mara ya pili, wanawake wote walishajua kuwa Bi Mkubwa alikuwa akilishwa nyoka.

Daktari alimsikiliza, akambadilishia losartan. Hiyo hukiacha kimeng'enya kiendelee na kazi zake, ikaziba pale enjiotensini ya pili inaposhikia.

Nimesharudi Leeds. Wiki ya tatu akanitumia sauti ya dakika nne kwenye WhatsApp na hakukohoa hata mara moja. Alikuwa akinisomea, herufi kwa herufi, majina ya vidonge vya jirani.